Kwa nini mkahawa wa Cold Spring ulijengwa bondeni, mbali na watu?

Ukitoka Santa Barbara, katika jimbo la California nchini Marekani, ukavuka mlima kwa njia ya San Marcos, utaukuta mkahawa wa mbao uitwao Cold Spring Tavern, umejibanza bondeni chini ya miti, mahali pasipo na kijiji wala soko. Mfanyabiashara yeyote angejiuliza ni nani aliyeona faida ya kuuza pombe pembezoni namna hiyo. Ukweli ni kwamba mahali hapo hapakuchaguliwa kwa ajili ya wanywaji, bali kwa ajili ya farasi.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kabla reli haijafika, abiria na barua walisafirishwa kwa magari yaliyokokotwa na farasi, mara nyingi wanne au sita. Farasi avutaye mzigo kwa mwendo wa haraka hawezi kwenda kutwa nzima. Baada ya kilomita 15 hadi 25 hivi, na mapema zaidi penye mwinuko, ilibidi afunguliwe, anyweshwe, na nafasi yake ishikwe na mwingine aliyekwisha kupumzika. Ndiyo maana vituo viliwekwa njiani, na sharti la kwanza la kituo lilikuwa maji, ambayo bonde hili liliyapata kutoka kwenye chemchemi. Wakati farasi wakibadilishwa, abiria waliochoshwa na mtikisiko walishuka, wakajinyoosha, wakanunua chakula na kinywaji. Zizi lilitangulia, baa ikafuata.

Barabara yenyewe ilikuwa ya kulipia ushuru, na iliyoichimba mwishoni mwa miaka ya 1860 ni mikono ya vibarua wa Kichina. Kuna sehemu iitwayo Slippery Rock ambapo njia ilipita juu ya mwamba mtupu wenye utelezi. Hapo jiwe lilichongwa mifuo ili kwato zipate pa kushika.

Mwaka 1901 reli ya pwani ilipokamilika, safari za magari ya farasi mlimani zilikosa abiria, na vituo vingi vya aina hii vikafa. Cold Spring uliokolewa na motokaa, zilizofuata njia ileile ya zamani, na baadaye na Adelaide Ovington na binti yake Audrey, walioununua mwaka 1941. Kisha, mwaka 1963, likajengwa daraja la upinde wa chuma juu ya bonde hilo, lenye kimo cha takriban mita 120, na magari mengi yakahamia huko. Wengine wangeona hilo ni pigo kwa biashara. Kwa maoni yangu lilikuwa bahati, kwani kama barabara kuu ingeendelea kupita mlangoni, ingelazimika kupanuliwa, na nyumba iliyo karibu na njia kiasi kile isingesalimika.