Anayenyamaza redioni hayupo

Saa tatu usiku, tarehe 8 Mei 1777, kijana aitwaye Frederick Reynolds alikuwa akikatiza kichochoro kando ya ukumbi wa maigizo wa Drury Lane, London. Akasikia kishindo kikubwa juu ya kichwa chake. Akajua jengo linaporomoka, akatimua mbio kuokoa roho yake. Kesho yake ndipo alipopata habari kamili: ukumbi uko salama salimini, kilichoanguka ni pazia tu, tena lile lililokuwa jukwaani kama sehemu ya mchezo. Ulikuwa usiku wa kwanza wa The School for Scandal, futuhi (mchezo wa kuchekesha) ya Richard Brinsley Sheridan, na kishindo kile kilikuwa vicheko na makofi ya watu waliokuwa ndani.

Kazi yangu ni kuandika na kuongoza michezo ya redio, na kila nikikaa na waandishi wachanga naanza na kisa hiki. Reynolds alisikia kila kitu, hakuelewa chochote. Hivyo ndivyo tunavyomfanya msikilizaji tunapochukua tamthilia ya jukwaani na kuisoma mbele ya maiki jinsi ilivyo. Anasikia watu wanashtuka, wanapiga kelele, yeye amebaki kichochoroni.

Futuhi husimama juu ya jambo moja: sisi tunajua, mhusika hajui. Jukwaani jicho ndilo linalotujulisha. Redioni lazima sikio lijue, na lijue mapema, kabla ya tukio lenyewe. Kazi yote ya kuhamisha mchezo imo humo, na ugumu wake huonekana vizuri sana katika onyesho hilo hilo la pazia.

Joseph Surface, mnafiki anayesifiwa mjini kwa tabia njema, yuko nyumbani kwake anamngoja Lady Teazle, mke wa mtu. Mara mume, Sir Peter, anafika. Mwanamke anakimbilia nyuma ya pazia la kusimama, lile la fremu za kukunja kama yale ya wodini. Sir Peter anaketi hatua chache tu kutoka alipojificha mkewe, anaanza kumwaga moyo wake. Anamshuku mkewe kwamba ana jambo na Charles, ndugu yake Joseph. Hata hivyo ameandaa hati mbili: moja itampa mkewe pauni 800 kwa mwaka maadamu mume yu hai, ya pili itamwachia sehemu kubwa ya mali akishafariki. Kisha Charles naye anakuja, na Sir Peter anataka kujificha pale pale nyuma ya pazia. Anaona upindo wa gauni. Joseph anamdanganya kwamba ni binti wa Kifaransa, mshona kofia. Mzee anaingia kabatini. Mwishowe Charles, akitaka kumwona huyo mshona kofia, analiangusha pazia.

Sheridan mwenyewe ametusaidia kidogo. Kabla mwanamke hajaingia, Joseph anamwagiza mtumishi wake asogeze pazia mbele ya dirisha, kwa sababu jirani wa ng'ambo anapenda kuchungulia. Baadaye Sir Peter analisifia kwa ramani zilizotundikwa juu yake. Basi pazia limetajwa, tena zaidi ya mara moja, na msikilizaji analo kichwani. Mstari ule wa mtumishi, nawaomba, msiufute hata kama muda umewabana.

Tatizo ni bibi aliye nyuma yake. Jukwaani macho ya watu hayabanduki kwenye pazia. Kila neno la mume linapita hapo kwanza ndipo lifike kwetu. Redioni, mtu asipotoa sauti kwa dakika mbili, ameondoka chumbani. Anayenyamaza hayupo. Mara ya kwanza nilipolirekodi onyesho hili niliwaweka wanaume wawili kwenye maiki, wakaigiza vizuri mno, na nilipowasikilizisha watu wachache waliokuwa hawaujui mchezo, pazia lilipoanguka mama mmoja akaniuliza: "Kwani yule dada hakuwa ameshatoka?"

Swali lake lilinifanya nirudi studio. Safari hii nikageuza kila kitu: nikamweka msikilizaji nyuma ya pazia. Tulisimamisha stendi mbili, tukazitundika mablanketi mazito, mwigizaji wa Lady Teazle akasimama katikati yake na maiki ikiwa kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni. Wanaume wakakaa upande wa pili wa blanketi, sauti zao zikaja zimefifia, zina kuta za chumba ndani yake. Tunamsikia yeye akipumua. Tunasikia kitambaa kikisugua fremu anapojibana. Sir Peter akitaja zile pauni 800, pumzi inakatika. Hakuna neno lililoongezwa. Ni pumzi iliyosimama, kisha inatoka polepole, ya mwanamke aliyekuwa anajiona amefungwa kwa mzee bahili na sasa anasikia kwamba mzee huyo anampenda.

Jukwaani huwezi kukiona kitu hicho. Uso wake umefichwa na pazia, na lazima ufichwe, la sivyo mchezo unaharibika. Redio inatuingiza mahali ambapo watu wa Drury Lane hawakuweza kuingia. Ndiyo maana hunichoma kusikia watu wakisema mchezo wa redio ni jukwaa lililopungukiwa na picha.

Tukirudi nyuma kidogo: BBC ilianza kurusha matangazo Novemba 1922, na tamthilia ya kwanza ndefu ya Shakespeare iliyoigizwa kikamilifu studioni kwake, tarehe 28 Mei 1923, ilikuwa futuhi, Twelfth Night. Hadithi ya pacha wanaofanana sura! Ungedhani hakuna mchezo usiofaa redio kuliko huo. Lakini msikilizaji akishaambiwa kwamba wanafanana, anakubali bila ubishi, wakati mtazamaji wa jukwaani anawaona waigizaji wawili ambao mara nyingi hata hawashabihiani.

Katika Kiswahili tunayo hazina ya kujifunzia, Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya The Merchant of Venice ya Shakespeare. Portia anakwenda mahakamani amejifanya mwanasheria wa kiume. Kabla hajaondoka nyumbani, anamweleza Nerissa, msaidizi wake, atakavyovaa, atakavyotembea, na hata atakavyosema: kwa sauti ya mvulana anayebalehe, iliyo kati ya mtoto na mwanamume. Wanaofupisha mchezo huanza kukata hapo, wakiona ni porojo za wanawake wawili. Mimi naiona kuwa ndiyo roho ya mchezo wote kwa mtu wa redio. Sikio limepewa ufunguo. Mwigizaji akifika mahakamani na kuibadili sauti kidogo tu, msikilizaji anatabasamu, kwa kuwa anajua na Shylock, mkopeshaji aliyeleta kesi, hajui.

Vitendo vya mikono ni shughuli nyingine. Katika The Importance of Being Earnest ya Oscar Wilde, iliyoigizwa mara ya kwanza Februari 1895, Cecily anamkaribisha Gwendolen chai huku wote wawili wamenuniana, kila mmoja akiamini mwenzake anataka kumwibia mchumba. Gwendolen anakataa sukari. Cecily anachukua koleo na kutia vipande vinne kikombeni. Mwandishi asiyeiamini redio ataandika: "Oh, kumbe unanitilia sukari!" Ameua kichekesho palepale. Acha koleo liguse kaure, halafu chubwi. Msikilizaji anafikiri amesikia vibaya. Chubwi. Sasa ana hakika. Ya tatu inakuja upesi, na ya nne unaichelewesha mpaka mtu aanze kudhani yamekwisha. Gwendolen atalalamika mwenyewe akishaonja, Wilde kamwandikia. (Sisi tulitumia vijiwe, maana sukari yetu iliyeyuka wakati wa majaribio.)

Mahali pamoja tu katika mchezo huo huongeza maneno. Jack Worthing, mchumba wa Gwendolen, anaingia kimyakimya amevaa nguo za msiba, nyeusi mpaka glavu, kwa ajili ya ndugu aliyembuni, na huyo "ndugu", yaani rafiki yake Algernon aliyejifanya ndiye, yuko ndani ya nyumba anakula raha zake. Jukwaani watu huangua kicheko kabla hajafungua kinywa. Mstari wa kasisi kuhusu mavazi hayo ya majonzi unachelewa mno kwa redio. Kwa hiyo namwacha Miss Prism, mwalimu wa Cecily, amwone kwa mbali: "Yule si Bwana Worthing? Mbona kavaa nyeusi tupu?" Sentensi mbili. Nimekubali kuulipia mchezo gharama hiyo.

Kuhusu kicheko cha hadhira, sikiweki. Mwigizaji wa jukwaani husubiri kicheko kipungue ndipo aendelee, na wengi huja studio na mazoea hayo, wakiacha pengo baada ya kila mzaha. Anayesikiliza yuko peke yake, anasonga ugali au anaendesha gari. Akiachiwa pengo anahisi kuna mtu anamngoja acheke. Hao nawaambia wafululize, wanikusanyie kimya chote kwa ajili ya sehemu moja.

Kwetu sehemu hiyo ilikuwa pazia kuanguka. Nilitaka sekunde tano kati ya kishindo na sauti ya Charles anapolitaja jina la Lady Teazle. Fundi mitambo akakataa, na alikuwa na sababu: kimya hewani kwake ni hitilafu, msikilizaji anadhani kituo kimezimika, anahama. Tukabishana. Mwisho tukakubaliana pasiwe kimya kitupu. Pazia linaanguka, mablanketi tunayavuta chini kwa mkupuo mmoja, na chumba kizima kinafunguka masikioni: saa ya ukutani inayopiga tiki-taka, ambayo mpaka hapo ilikuwa imefifia nyuma ya kitambaa, sasa iko wazi kabisa. Tiki-taka tano. Na karibu na maiki, mwanamke yule yule, ile pumzi yake.

Halafu Charles anamtaja.