Mashabiki wa Belgrade: nguvu ya jukwaa na wale wanaoitaka

Mjini Belgrade, mji mkuu wa Serbia, uwanja wa klabu ya soka ya Crvena zvezda (Nyota Nyekundu) na ule wa Partizan haviachani hata kilomita moja. Klabu zote mbili zilizaliwa mjini humo mwaka 1945: Zvezda mwezi Machi, Partizan mwezi Oktoba chini ya jeshi la Yugoslavia, nchi ambayo Serbia na Croatia zilikuwa sehemu yake kabla haijavunjika kwa vita miaka ya 1990. Zilipokutana kwenye ligi kwa mara ya kwanza, tarehe 5 Januari 1947, Zvezda ilishinda 4-3, na tangu hapo mji una pande mbili. Mashabiki wa Zvezda hukaa jukwaa la kaskazini la uwanja wao, wa Partizan jukwaa la kusini la uwanja wao.

Afrika Mashariki tunalijua soka la Serbia zaidi kwa makocha wake, kama Milutin Sredojević “Micho” aliyefundisha SC Villa, Yanga na timu ya taifa ya Uganda. Mashabiki wa kule tunawasikia pale tu panapotokea fujo, na hapo ndipo tunapowaelewa nusunusu.

Katika miaka ya 1980 upande wa Zvezda ulikuwa na makundi yaliyoshindana yenyewe kwa yenyewe: Red Devils, Zulu Warriors na Ultras, yakifuata mitindo ya Waingereza na Waitaliano. Tarehe 7 Januari 1989, siku ya Krismasi ya Waorthodoksi, yakaungana na kuitwa Delije, yaani mashujaa. Wapinzani wao, mashabiki wa Partizan, ni Grobari, yaani wachimba makaburi. Jina hilo walibandikwa na watu wa Zvezda, nao wakalipokea kwa fahari.

Zvezda na Partizan ni vyama vya michezo mingi, kwa hiyo shabiki aliyeimba kwenye soka utamkuta pia kwenye mpira wa kikapu. Mwaka 2009 mechi ya kikapu ya Partizan dhidi ya Panathinaikos ilijaza watu 22,567 ukumbini. Kabla ya dabi, vijana hushona na kupaka rangi mabango ya kufunika jukwaa zima. Siku ya mechi, kiongozi wa nyimbo husimama na kipaza sauti akiupa mchezo mgongo, na maelfu humwitikia. Kazi hiyo ya kujitolea naiheshimu kwa dhati. Lakini umati unaoitikia sauti moja hutamaniwa na wengi.

Wa kwanza kuutumia kikamilifu alikuwa Željko Ražnatović, au Arkan, mhalifu aliyewahi kusakwa Ulaya Magharibi kwa wizi wa benki. Akawa kiongozi wa Delije, na Oktoba 1990 akaanzisha kikosi cha wapiganaji ambacho wengi wa askari wake wa mwanzo walitoka jukwaani. Mwaka 1992 kikosi hicho kiliua raia Bijeljina, nchini Bosnia. Arkan alishtakiwa na mahakama ya kimataifa ya The Hague, akapigwa risasi Belgrade Januari 2000 kabla ya kusimamishwa kizimbani.

Wako wanaosema vita vya Yugoslavia vilianzia uwanja wa Maksimir, Zagreb, mji mkuu wa Croatia, tarehe 13 Mei 1990, mashabiki wa Dinamo, klabu ya mji huo, na wa Zvezda walipopigana. Siafiki. Siku chache kabla, Wakroatia walikuwa wamekipa ushindi chama cha mzalendo wa Croatia Franjo Tuđman kwenye uchaguzi. Ufa ulikuwepo tayari. Uwanja uliuonyesha hadharani.

Jukwaa lile lile la Zvezda baadaye lilimgeukia Slobodan Milošević, aliyetawala Serbia wakati wa vita hivyo. Mashabiki waliimba dhidi yake kwa miezi, na tarehe 5 Oktoba 2000 walikuwa miongoni mwa waliovamia bunge siku alipoangushwa.

Kilichofuata kinaumiza. Septemba 2009 shabiki wa Toulouse, Mfaransa, alipigwa katikati ya Belgrade na watu wa upande wa Partizan, akafariki siku chache baadaye. Oktoba 2010 mechi ya Italia na Serbia mjini Genoa ilivunjwa baada ya dakika chache kwa sababu ya mashabiki wa Serbia. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya Serbia ilikataa ombi la kuyapiga marufuku makundi kadhaa ya mashabiki. Mwaka 2021 polisi walikamata watu wa kundi moja la upande wa Partizan kwa tuhuma za mauaji na dawa za kulevya.

Wanafunzi, mafundi na wazee wanaojaza majukwaa hayo hawana fungu katika biashara hizo. Wanaofaidika ni wachache wanaoshika kipaza sauti, pamoja na wanasiasa na wahalifu wanaowahitaji.