Povu la kifafa haliambukizi

Nimechoka kuisikia. Ndugu wanaoleta wagonjwa kliniki wanaisema, makonda wanaisema, walimu nao wanaisema: aliyeanguka kifafa usimguse, usikanyage povu lake, utakipata. Ndiyo maana mtu anaweza kuanguka Mwanjelwa, jijini Mbeya, saa sita mchana, umati ukamzunguka, akakosa wa kumgeuza ubavu.

Kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa mkojo, si kwa kujamba, si kwa kulala kitanda kimoja. Kinachotokea ni hitilafu ya umeme wa ubongo: seli nyingi hufyatuka kwa pamoja, misuli inakaza. Kwa muda huo mtu hawezi kumeza, basi mate yanajaa mdomoni na kuchanganyika na pumzi. Povu ndilo hilo tu. Likiwa na wekundu, kajing'ata ulimi au shavu. Ukimaliza kumsaidia, nawa kwa sabuni, kama ambavyo ungefanya kwa majeruhi yeyote.

Huwa najibiwa: "Mbona nyumba moja ina wagonjwa watatu?" Kuna kurithi, kuna matatizo wakati wa kuzaliwa, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako nguruwe wengi hufugwa, kuna minyoo tegu. Mtu humeza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, kupitia mikono michafu, maji au mboga mbichi. Mabuu yakifika kwenye ubongo, kifafa kinaweza kuanza hata miaka kadhaa baadaye. Kinga yake ni choo, sabuni na kitimoto iliyoiva vizuri. Kumkimbia jirani hakukingi chochote.

Hofu hii ndiyo inayounguza watu. Makete na Njombe baridi ikibana, familia huota moto jikoni. Mgonjwa akiangukia hapo, wenzake wanasubiri "povu likauke", na kwa sekunde hizo mkono unaungua hadi kwenye mfupa. Mvute! Shika nguo mabegani, mtoe, kisha palipoungua pamwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, sehemu nyingine za mwili zikiwa zimefunikwa.

Ukimkuta mtu kaanguka, kwanza tazama saa kwenye simu. Ondoa mawe, ndoo, jiko la mkaa. Kunja kitenge au sweta, weka chini ya kichwa. Legeza kilichobana shingo, mvue miwani. Mitetemo ikipungua, piga goti kando yake: mkono wake ulio karibu nawe unyooshe pembeni, goti lake la mbali likunje, kisha livute kuelekea kwako mpaka alale ubavu. Inua kidevu kidogo, mdomo uelekee chini ili mate yatoke. Mara nyingi mitetemo hukoma yenyewe ndani ya dakika 1 hadi 3.

Kijiko mdomoni? Hapana. Ulimi haumezwi, kijiko huvunja meno, na jino likiingia kwenye njia ya hewa ni balaa jingine. Kumkandamiza mikono na miguu hutegua bega. Kiberiti, kitunguu na kumwagia maji usoni havikatishi chochote. Maji ya kunywa na vidonge visubiri mpaka aamke kabisa.

Si lazima kila aliyeanguka akimbizwe hospitali. Mkimbize mitetemo ikizidi dakika 5, ikirudi kabla hajazinduka, akipata shida ya kupumua, akiumia kichwa, akiungua, akiangukia majini, ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza, au akiwa mjamzito, maana kifafa cha mimba huua mama na mtoto. Msimpakie mshikaki kwenye bodaboda hajitambui: kichwa kinaning'inia na njia ya hewa inaziba. Tafuteni bajaji au gari, alazwe ubavu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote kwa wasaidizi: kama amejikojolea, mfunike kanga kabla hajazinduka, na wanaorekodi kwa simu waondoke. Akiamka anaweza kuwa amechanganyikiwa hata nusu saa, akaingia barabarani bila kujijua. Kaa naye. Mwambie alipo na kilichotokea. Kisha muulize: "Dawa unazo? Jana ulimeza?" Hadi 70% ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo, lakini wengi huacha vidonge wakidhani wamepona. Akisema zimeisha, mtafutie simu ampigie ndugu, na mwelekeze arudi kliniki kesho yake asubuhi.