Kibodi na mausi zikigoma baada ya apdeti: yasemwayo mitaani na ukweli wake

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na tangu hapo wenye kompyuta za mezani wanahangaika kuhamia Windows 11. Hapa Unguja na Pemba kompyuta nyingi za stesheneri, skuli na ofisi ndogo ndogo zimefika zikiwa zimeshatumika Dubai au Ulaya, kwa hiyo kuhama kwenyewe ni kwa kuvutana. Moja inakubali, nyengine inakataa kwa kukosa TPM 2.0, kile kijisehemu cha usalama ambacho Windows 11 inakidai, na nyengine inakubali vizuri usiku, asubuhi kibodi haiandiki na mausi haitikisiki. Hapo ndipo kila mtu anapokuwa fundi. Kuanzia Mlandege hadi Chake Chake utasikia maneno yale yale, na mengi yake yanamtia mtu hasara ya bure.

"Apdeti imeunguza kibodi"

Neno hili ndilo linalouza kibodi mpya. Apdeti ya Windows ni programu: kwa kawaida inabadilisha mafaili yaliyomo kwenye diski. Kibodi ya USB inakula umeme ule ule wa volti 5 kabla ya apdeti na baada yake. Kinachoweza kuvurugika ni draiva, yaani kipande cha programu kinachoiambia Windows kwamba kitufe fulani kimebonyezwa. Kibodi inasema kama kawaida, ila kompyuta imeziba masikio.

Kabla hujatoa pesa, jaribu hivi. Zima kompyuta, iwashe, na pale pale inapoanza kuwaka bonyeza-bonyeza F2 au Delete; kwenye HP nyingi ni F10. Utaingia kwenye baiosi, ile skrini ya mipangilio inayotangulia Windows. Chezesha vishale vya juu na chini. Vikitembea, basi kibodi ni nzima, waya mzima, na tundu zima, kwa sababu baiosi inaisoma kibodi yenyewe bila kuihitaji Windows. Ugonjwa uko ndani ya Windows, na kununua kibodi nyengine hakutaugusa. Vishale visipotembea, hamishia waya kwenye tundu jengine, bora la nyuma ya kompyuta kuliko la mbele, kisha azima kibodi kwa jirani. Hapo sasa ndipo pa kufikiria duka.

Ipo na alama nyengine, ya taa ya Num Lock. Wengi wanadhani kitufe ndicho kinachowasha taa. Sivyo. Kitufe kinapeleka habari kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayorudisha amri ya kuwasha au kuzima taa. Kwa hiyo ukiwa ndani ya Windows, ukabonyeza Num Lock na taa ikabadilika, ujue kibodi inasikika. Kinachokusumbua ni kitu chengine, labda programu iliyoganda au mpangilio wa lugha, ambao nitaufikia.

Sisemi kwamba kibodi hazifi. Upepo wetu una chumvi, na kibodi iliyokaa miaka dirishani karibu na pwani inaliwa kutu pole pole, ikaja kuzima siku ile ile ya apdeti. Lakini kutu haiui kibodi na mausi kwa pamoja asubuhi moja. Zikigoma zote mbili mara moja, shuku draiva, au shuku USB.

"Kurestati hakutoshi, izime kabisa na uchomoe umeme"

Hapa watu wameshika kinyume. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zinakuja na kitu kinaitwa Fast Startup kikiwa kimewashwa. Ukichagua Shut down, Windows inafunga programu zako, lakini kiini chake pamoja na draiva kinaandikwa kwenye diski ili kesho kisomwe upesi. Ukichomoa waya ukutani, hata umeme ukikatika mtaa mzima usiku kucha, faili lile lipo pale pale. Asubuhi draiva iliyoharibika inaamka na uharibifu wake.

Restart haifanyi hivyo. Inafunga kila kitu na kuanza upya. Ndiyo maana fundi anayekuuliza kwenye simu "umerestati?" hakuletei dharau, anakuuliza swali la maana.

Mausi imekufa na kibodi ipo? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha U, kisha R, itarestati. Kibodi imekufa na mausi ipo, njia ni ile ya kawaida ya Start. Zimekufa zote mbili, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta izime kwa nguvu. Safari hiyo haipati nafasi ya kuhifadhi kitu, kwa hiyo itawaka upya kabisa. Ila usifanye hivyo wakati skrini imeandika kwamba apdeti inaendelea. Na kompyuta ya mezani isiyokuwa na UPS, ile betri ya akiba, usiianzishie apdeti kubwa siku ambayo umeme unacheza.

"Imeingia virusi, inaandika itakavyo"

Stesheneri moja ya Mkunazini, kijana anaandika barua ya maombi ya kazi, mteja amesimama nyuma yake. Wanafika kwenye anwani ya barua pepe. Kijana anabonyeza Shift na 2, inatoka alama ya kunukulu.

"Kaka, hiyo siyo."

"Naiona, dada yangu. Lakini ndiyo ninayobonyeza."

Anafuta, anabonyeza tena, inatoka ile ile. Mtu wa foleni anasema virusi.

Hakuna kirusi. Kibodi ina mpangilio wa Kimarekani, na baada ya apdeti Windows imechukua mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza, au umeongezwa juu ya ule wa zamani. Kwenye mpangilio wa Uingereza alama ya @ inakaa upande wa kulia karibu na Enter, na Shift pamoja na 3 inatoa alama ya pauni badala ya #. Kompyuta iliyotoka Ujerumani inaweza kukubadilishia Z na Y. Iliyotoka Ufaransa ukibonyeza A inatoka Q. Kilichochapwa juu ya kitufe hakina nguvu yoyote. Anayeamua ni Windows.

Kwetu hapa kuna na Kiarabu. Kompyuta za madrasa na za wanaoandika hati za ndoa au mirathi mara nyingi zina mipangilio miwili, na kubadilisha kwenda mwengine ni Alt na Shift tu, vitufe ambavyo mkono unavigusa bila ya mtu kujua. Unabonyeza F, inatoka ba. Ukigusa Ctrl na Shift za upande wa kulia, maandishi yanahamia kulia na kuanza huko. Mwenye kujua anacheka, asiyejua anaita fundi.

Dawa: bonyeza kitufe cha Windows na Space, utaona orodha ya mipangilio iliyopo, chagua unaoutaka. Kisha nenda Settings, sehemu ya muda na lugha, uondoe usiyoitumia ili isirudi.

Na hili linawafungia watu nje ya kompyuta zao. Ukurasa wa kuingilia nao una mpangilio wake, na herufi zake zinaonekana chini kulia. Kama nenosiri lako lina @ au #, na mpangilio umegeuka, Windows itakukatalia nawe unaapa kwamba hujakosea. Bonyeza alama ya jicho kwenye kisanduku uone unachoandika kwa kweli.

"Kibodi imechoka, mpaka uibonyeze sana"

Huenda ni Filter Keys. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, Windows inauliza kama unataka isahau mibonyezo mifupi, na mtu aliyeegemeza mkono anakubali bila kusoma. Shikilia tena sekunde 8 izime.

"Ikishindikana, ipigwe Windows upya"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka tena, kunamchukua fundi muda mfupi na analipwa kazi kamili, kwa hiyo ndiyo dawa ya kila homa. Mwenye kompyuta anarudi nyumbani na kibodi inayoandika, lakini picha za harusi na hesabu za duka zilizokuwa kwenye desktop hazipo.

Kwanza, kompyuta isiyo na kibodi bado inaandikika. Kwenye ukurasa wa kuingilia, chini kulia, kuna alama ya mtu ya huduma za ufikivu. Kwa mausi fungua hapo kibodi ya kwenye skrini, utaingiza nenosiri kwa kubofya. Ndani ya Windows, fungua Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, tafuta kibodi au mausi iliyogoma, angalia kama kitufe cha kurudisha draiva ya zamani kinabonyezeka. Kisipobonyezeka, iondoe ile kibodi kwenye orodha na urestati. Windows itaitambua upya na kuiwekea draiva yake.

Pili, apdeti inaweza kuondolewa. Settings ina historia ya apdeti, na chini yake kuna mahali pa kuziondoa moja moja. Ukiwa umehama toleo zima, una siku 10 za kurudi ulikotoka, kwenye Settings, sehemu ya Recovery. Siku hizo usisafishe diski kwa programu yoyote, maana folda ya Windows.old ndiyo inayokurudisha, na wasafishaji wanaipenda sana kwa ukubwa wake.

Tatu, kuna kisa cha kweli cha apdeti iliyoua kibodi, na hata hicho hakikuhitaji kupiga Windows. Apdeti ya Windows 11 ya tarehe hiyo hiyo ya 14 Oktoba 2025, yenye namba KB5066835, ilizifanya kibodi na mausi za USB zisifanye kazi kwenye mazingira ya ukarabati, ile skrini ya buluu yenye machaguo ya kurekebisha. Ndani ya Windows yenyewe ziliandika kama kawaida. Mtu aliyefika kwenye skrini ile akaona hakuna kinachotembea, angeapa kwamba kompyuta imekufa. Microsoft ilitoa marekebisho tarehe 20 Oktoba, KB5070773, na kazi ikaisha. Waliokuwa na kibodi ya tundu la duara, la zambarau, na mausi ya tundu la kijani hawakuhisi kitu, kwa sababu matundu hayo, yaitwayo PS/2, hayapiti USB. Mwenye kompyuta yenye matundu hayo aiweke kibodi yake ya zamani kabatini. Ichomekwe kompyuta ikiwa imezimwa, si ikiwa inawaka.

Ikibidi kweli kuanza upya, Windows ina njia ya kujiweka upya huku ikiyabakisha mafaili yako. Programu zitaondoka, picha zitabaki. Muulize fundi kwa nini hajaanza na hiyo.

"Bora kurudi Windows 7, haina mambo hayo"

Inayo zaidi. Windows 7 ilitoka mwaka 2009 bila ya draiva ya USB 3.0, ile USB ya kasi ambayo tundu lake mara nyingi ni la buluu. Kwenye bodi nyingi za Intel za kizazi cha 6 kwenda mbele, ukiipiga kutoka kwenye fleshi ya kawaida, kibodi na mausi vinakata pale pale kwenye skrini ya kwanza ya usakinishaji. Na haihudumiwi tangu Januari 2020.

"Pakua programu ya kutafuta draiva"

Draiva za kibodi na mausi za kawaida zimo ndani ya Windows tokea mwanzo. Programu hizo zinakula bando, na nyengine zinakuja na wageni wao. Kuna na ushauri wa zamani wa kufuta mstari uitwao UpperFilters kwenye rejista, lile daftari la mipangilio ya ndani ya Windows. Ulikuwa wa diski za CD zilizopotea, na huko ulifaa. Ukiufanya kwenye sehemu ya kibodi ya rejista hiyo unaondoa kbdclass, ambayo ndiyo kibodi yenyewe mbele ya Windows, na ukiwasha tena huna pa kuandikia. Pale panatakiwa pabaki kbdclass peke yake, na kwa mausi mouclass. Ukikuta jina la programu uliyoiondoa zamani limebaki ubavuni mwake, futa jina hilo tu.

"Mausi isiyo na waya inaruka kwa sababu ya apdeti"

Angalia kwanza kidude chake kimechomekwa wapi. Intel yenyewe iliandika mwaka 2012 kwamba vifaa vya USB 3.0 vinatoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, yale yale ya mausi hizo. Kikae mbali na diski ya nje au fleshi iliyo kwenye tundu la buluu. Halafu betri.

"Linux haijui matatizo haya"

Linux ni mfumo mwengine unaowekwa badala ya Windows, na matatizo haya inayajua vizuri. Kwenye Ubuntu, aina moja ya Linux, ikiwa inatumia Xorg, yaani programu inayoonyesha madirisha kwenye skrini, ukibadilisha vifurushi vya Xorg wakati wa kupandisha toleo, kifurushi kinachoshughulikia kibodi na mausi kinaweza kuondoka. Unafika kwenye ukurasa wa kuingilia, picha nzuri, na hakuna kinachotikisika. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 uone kama utapata skrini ya kuandika amri. Ikiwa hata hapo hakuna jibu, washa upya, uingie kwenye recovery mode ya menyu ya GRUB, ile inayotangulia Linux, uwashe mtandao, ufungue root, yaani skrini ya amri ya msimamizi. Ukipata pa kuandika amri, kernel, yaani kiini cha Linux, inaisikia kibodi na kilichokosekana ni kifurushi tu: andika sudo apt install xserver-xorg-input-all, kisha sudo reboot. Tumia intaneti ya waya. Wi-Fi huenda isiunganike mpaka uingie kwenye desktop, nawe ndiko usikoweza kuingia.