Kabla hujakitupa kidonge cha kolesteroli kwa sababu ya kuwashwa

Mzee mmoja aliingia chumbani kwangu, na kabla hajaketi akavua saa ya mkononi. "Daktari, hebu tazama." Palipokuwa na saa, ngozi ilikuwa laini na safi. Kuanzia pale kupanda hadi penye mkono wa shati, ilikuwa imevimba, ina vipele na magamba, rangi imegeuka weusi wa zambarau. Shingoni alama ilifuata ukosi kana kwamba imechorwa kwa rula. Alikuwa amekwisha kutoa hukumu: mchawi ni dawa ya kolesteroli, na siku kumi zilikuwa zimepita hajaimeza.

Ngozi iliyofichwa na saa ndiyo iliyonipa jibu la kwanza. Vipele vinavyoishia penye nguo mara nyingi hutokana na jua, au na kitu kinachoifanya ngozi ishindwe kulivumilia. Kidonge chake kilikuwa fenofibrati, na fenofibrati ina sifa hiyo. Ila alikuwa ameitumia zaidi ya mwaka kwa amani. Nikaona anakunja kiwiko kwa shida. "Na hapo, mzee wangu, unapaka nini?" Akatoa mfukoni tyubu ya jeli ya ketoprofeni. Alikuwa ameanza kuipaka mwezi mmoja tu nyuma.

Moja ni ya mafuta ya damu, nyingine ni ya maumivu, lakini kikemia ni ndugu. Zote mbili zimejengwa juu ya umbo liitwalo benzofenoni, na umbo hilo hubadilika likipigwa na miali ya jua. Kinga ya mwili ikishaifanya ketoprofeni kuwa adui, inaweza kuigeukia na fenofibrati, hata kama zamani iliiacha ipite. Zipo pia losheni za kukinga jua zenye oksibenzoni, kemikali ya ukoo huohuo, kwa hiyo mtu anayejipaka kwa nia njema huenda anajichochea moto. Jeli tuliiacha kabisa. Fenofibrati nikamwambia asiirudie, na daktari wake wa moyo akampangia dawa ya familia nyingine.

Familia, ndiyo, maana dawa za kolesteroli si za aina moja. Niasini huwasha uso na kifua na kuvipasha joto muda mfupi baada ya kuimeza. Huo si mzio, ni kemikali ziitwazo prostaglandini zinazopanua mishipa midogo ya ngozi. Zile za sindano huweza kuacha wekundu au uvimbe mdogo pale palipochomwa. Walio wengi, hata hivyo, wanameza statini, na huko ndiko maswali mengi yanakotoka.

Statini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Ngozi nayo hujitengenezea kolesteroli yake, na inaihitaji kwelikweli: tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kama ukuta wa matofali, na karibu robo ya mafuta yanayoyashikamanisha ni kolesteroli. Ndiyo maana naamini mtu anaponiambia ngozi imemkauka tangu aanze kidonge. Mara nyingi, lakini, ukavu huo ni mdogo, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa hunaswa na ini kabla haijafika mbali. Mafuta mazito ya kupaka mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, hutuliza wengi wao na kidonge kinaendelea.

Historia ina mfano mbaya zaidi. Kabla ya statini, Marekani ilikuwa na dawa iitwayo triparanoli. Iliziba hatua ya mwisho kabisa ya utengenezaji wa kolesteroli, mabaki yakarundikana mwilini, na watu wakapata ngozi ya magamba kama samaki, nywele zikanyonyoka, macho yakapata mtoto wa jicho. Iliondolewa sokoni mwaka 1962. Statini, ambazo ya kwanza iliidhinishwa huko mwaka 1987, huziba hatua ya mapema, na mrundikano ule hautokei.

Unapokuja kwangu, swali langu la kwanza litahusu tarehe. Mzio wa kawaida wa dawa, ule wa vipele vidogo vilivyotapakaa mwilini, hujitokeza kati ya siku chache na wiki mbili tangu uanze. Upele wa zambarau ulio bapa na unaowasha sana unaweza kuchukua miezi. Kisha nataka kuona kila unachomeza na kupaka, si kile unachokishuku tu. Mtu wa kolesteroli mara nyingi ana na shinikizo la damu: midomo iliyovimba ghafla huenda imeletwa na enalaprili au lisinoprili, na ngozi inayochukia jua huenda imeletwa na haidroklorothiazidi. Nimeona statini ikiachwa bure huku mhusika akiendelea kumezwa kila asubuhi, na hilo huniuma, kwa sababu kidonge kilichoachwa ndicho kilichokuwa kikiulinda moyo.

Jambo jingine: vitabu husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Utaona weusi uliokolea, kijivu au zambarau. Weka kiganja, pakiwa na joto na kukwaruza, pana uvimbe.

Yapo mambo ambayo hayangoji miadi. Uso, ulimi au koo kuvimba. Homa pamoja na upele. Malengelenge, ngozi kuuma na kuchubuka, vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri. Hapo usimeze kidonge kingine, nenda hospitali saa ileile. Na kuna moja linalopuuzwa: kope kuwa na rangi ya zambarau, vipele juu ya vifundo vya vidole, na mapaja kuishiwa nguvu kiasi kwamba kuinuka kitini ni kazi. Ni nadra, lakini ngozi na misuli vikilalamika kwa pamoja nataka kukuona siku hiyohiyo.

Mzee wa saa alirudi baada ya wiki sita. Kuwashwa kumekwisha, magamba yamekwisha, weusi upo. Nilikuwa nimemwonya kwamba huo hufifia kwa miezi, wala asiusugue. Sasa huvaa mikono mirefu, na kwenye pochi yake kuna karatasi ya kumwonyesha kila mfamasia, yenye majina matatu: fenofibrati, ketoprofeni, oksibenzoni.