Hati mkononi, basi jenga utakavyo?

Ukikaa baraza yoyote Tudor au Mikindani, mitaa ya Mombasa, utasikia: mwenye hati ndiye bwana wa kiwanja, hata akitaka kufyeka mikoko. Ni nusu ya ukweli. Hati huthibitisha umiliki; matumizi ni jambo jingine. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 66, inairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote, na sheria ya mazingira ya 1999 inataka athari za miradi mikubwa zitathminiwe kabla ya ujenzi.

Ukiona mabati yamezungushwa ufukweni, soma bango: lina nambari za vibali? Halina, uliza ofisi ya mipango ya kaunti (nenda asubuhi, kabla ya foleni). Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya taarifa. Na kwa kifungu cha 70, hata mpangaji asiye na futi moja ya ardhi anaweza kwenda mahakamani kutetea mazingira, bila kuthibitisha hasara.