Kuhamishwa wodi si adhabu

Mbeya na Iringa bado utasikia wauguzi wakinong'onezana: "Kahamishwa wodi, atakuwa amemkorofisha mtu." Wengine wanaamini kwamba anayezunguka vitengo hawezi kubobea popote. Imani hii ni ya siku nyingi, na inawarudisha nyuma vijana wetu.

Tazama kazi yenyewe. Mama amejifungua na damu inamtoka. Ikifika mililita 500 hiyo ni hatari. Muuguzi aliyewahi kukaa wodi ya upasuaji anajua kuwa presha inaweza kusomeka vizuri huku mapigo ya moyo yakipanda, kwa hiyo vidole vyake viko kwenye mshipa wa mkono mapema. Hangoji presha ishuke. Naye aliyetoka chumba cha watoto wachanga, usiku wa baridi kule Makete, anamkausha mtoto haraka na kumlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, maana joto la mtoto likishuka chini ya nyuzi 36.5 tayari ni tatizo.

Ni kweli, kumpeleka mtu kwa wagonjwa mahututi bila kumwelekeza ni kuhatarisha maisha, na hapo kulalamika ni haki. Mzunguko mzuri una mwenyeji wa kukuonyesha kazi na muda wa kutosha kuizoea.

Ukipangiwa wodi mpya Jumatatu, anza kwa kumwuliza mwenyeji wako dawa za dharura zinakaa kabati gani.